Yoast SEO ya bure: nimeiweka kwenye tovuti ya vitanda vya Keko

Niseme mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake: toleo la bure la Yoast SEO, programu ya nyongeza (plagini) ya tovuti zilizojengwa kwa mfumo wa WordPress, ya kuisaidia tovuti ionekane vizuri Google (ndiyo SEO yenyewe), linatosha, toleo la kulipia sioni sababu ya kulinunua kama tovuti yako ni ya Kiswahili, na zile taa zake za rangi zisikunyime usingizi. Anayebaki nitamweleza kwa nini, maana plagini hii inasifiwa na kulaumiwa kwa mambo mengi ambayo hata siyo kazi yake.

Kaka yangu ana karakana ya samani Keko. Vitanda, makabati, meza za kulia chakula, makochi kwa oda. Yeye anashika randa, mimi nashika tovuti. Tovuti yenyewe ilitengenezwa na kijana mmoja, akalipwa, akakabidhi, akaacha kupokea simu. Ukiandika jina la karakana Google, kilichokuwa kinatokea ni neno "Home", kistari, jina letu, kistari kingine, halafu "Just another WordPress site". Hayo maneno ya mwisho ni kaulimbiu iliyokuwa inakuja na WordPress yenyewe, ikisubiri mwenye tovuti aandike ya kwake. Hata leo ziko tovuti kibao za Bongo zinazotembea nayo, nyingine za watu wazito tu. Chini ya kichwa hicho, pale pa maelezo, Google ilikuwa imeokota vipande kutoka mkiani mwa ukurasa: saa za kazi, "haki zote zimehifadhiwa", na namba ya simu iliyokatwa katikati. Mtu anayetafuta kitanda cha 5 kwa 6 hapo anabofya nini?

Kuziba pengo hilo ndiyo kazi ya Yoast. Ni plagini ya WordPress, ilianzishwa na Mholanzi Joost de Valk, kampuni yake ikaanza 2010, na mwaka 2021 ikanunuliwa na Newfold Digital ya Marekani. Kwenye ghala la plagini za WordPress inaonyesha imewekwa na inafanya kazi kwenye tovuti zaidi ya milioni 10, kwa hiyo ukikwama hukosi mtu aliyekwama kabla yako.

Kitu kizuri kuliko vyote ndani yake ni kisanduku kinachokaa chini ya ukurasa unaouandika. Kina sehemu ya kichwa, sehemu ya anwani ya ukurasa na sehemu ya maelezo, na juu yake unaona mfano wa namna matokeo yatakavyoonekana kwenye simu au kwenye kompyuta. Unaandika, unaona. Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa msimbo wa HTML, huo mfano peke yake unatosha kumfanya aelewe kwamba kichwa kinachoonekana Google na kichwa kinachoonekana juu ya ukurasa ni vitu viwili, na kila kimoja unaweza kukiandika kivyake.

Chini ya sehemu ya kichwa na ile ya maelezo kuna mstari unaojaa rangi kadiri unavyoandika. Wa kichwa haupimi idadi ya herufi, unapima upana kwa pikseli, na hapo wamefanya sawasawa. Google haijaweka kikomo rasmi cha urefu wa kichwa. Inakikata pale nafasi ya skrini inapoisha, na kwenye kompyuta nafasi hiyo ni kama pikseli 600. Herufi m na w ni pana, i na l ni nyembamba. Angalia Kiswahili chetu kilivyojaa m na w: mwanamume, mwembe, wamwambie. Kichwa chenye herufi 60 za Kiingereza kinaweza kupita salama, cha kwetu chenye herufi hizohizo 60 kikakatwa mkia. Kwa hiyo ule ushauri wa "andika herufi 60" unaozunguka kila mahali usiufuate kichwa kichwa. Angalia mstari.

Ukurasa wa vitanda niliuandikia kichwa hiki: "Vitanda vya mninga 5x6 na 6x6, Keko Dar es Salaam". Basi. Hakuna "karibu", hakuna "bora kuliko wote", hakuna "home". Anayenunua kitanda hapa mjini anatafuta kwa saizi na kwa mbao. Haandiki "samani za kisasa zenye ubora wa hali ya juu", hayo ni maneno yetu sisi wauzaji. Maelezo nikaandika: "Vitanda vya mbao ya mninga na mkongo, vinatengenezwa hapa Keko. Futi 5 kwa 6 na 6 kwa 6. Godoro halimo. Tunaleta hadi mlangoni, Dar es Salaam." Inaingia ndani ya herufi 155 ambazo mstari wa Yoast unaziruhusu kabla ya kugeuka. Hilo la godoro niliweka makusudi. Kaka alikuwa anachoka kupokea simu za watu wanaoona picha ya kitanda kimetandikwa wakadhani kila kitu kwenye picha kimo kwenye bei.

Kitu cha pili cha kusifu ni violezo. Kwenye mipangilio unaiambia Yoast mara moja tu kwamba kurasa za aina fulani zijenge vichwa vyake hivi: jina la ukurasa, kitenganishi, jina la tovuti. Inatumia alama zake, mfano %%title%%, %%sep%% na %%sitename%%, ila siku hizi huhitaji kuzikariri, unazichagua kwenye orodha. Kwenye kurasa za bidhaa mimi nimeliondoa jina la tovuti kabisa. Tangu Oktoba 2022 Google ilianza kuonyesha jina la tovuti juu ya matokeo, mstari wake wenyewe pembeni ya kile kialama kidogo cha tovuti, kwa hiyo kulirudia ndani ya kichwa ni kula nafasi bure. Yoast inaipelekea Google jina hilo kupitia msimbo wa kimyakimya unaokaa ndani ya ukurasa. Wewe unajaza tu "jina la tovuti" kwenye mipangilio ya mwanzo. Lijaze vilevile lilivyo kwenye kibao cha dukani.

Na kama una bidhaa nyingi, kuna sehemu ya zana yenye kihariri cha pamoja: kurasa zote zinapangwa kama jedwali, unapita mmoja mmoja unaandika vichwa na maelezo bila kufungua kila ukurasa. Imo kwenye toleo la bure, na wengi hawajui kama ipo. Kwa bando langu ninalolipimia, imeniokoa sana.

Sasa tuje kwenye lawama zisizo haki. Unaandika maelezo yako mazuri, unasubiri, unatafuta, unakuta Google imeweka kitu kingine kabisa. Watu wanakimbilia kuandika "Yoast haifanyi kazi". Yoast imefanya kazi yake. Kazi yake ni kuyaweka maneno yako ndani ya ukurasa mahali ambapo injini za utafutaji zinayasoma. Kuyaonyesha au kutoyaonyesha ni uamuzi wa Google, na Google haifichi hilo. Agosti 2021 walibadilisha namna wanavyounda vichwa, kelele zikawa nyingi, na mwezi uliofuata wakasema kichwa alichoandika mwenye tovuti kinatumika takribani asilimia 87 ya mara zote. Zilizobaki wanachukua kutoka kichwa kikubwa kinachoonekana kwenye ukurasa, au maandishi mengine ya ukurasani, au hata maneno ambayo tovuti nyingine zimetumia kuweka kiungo kuja kwako.

Kwenye maelezo hali ni ngumu zaidi. Kampuni ya Ahrefs ilipima mwaka 2020 ikakuta Google inaandika maelezo yake yenyewe karibu asilimia 63 ya mara. Sababu yake inaeleweka ukikaa ukafikiri: maelezo yako ni yaleyale siku zote, lakini maswali ya watu yanabadilika. Mtu akiandika "bei ya kitanda 6 kwa 6", Google inaingia ndani ya ukurasa kutafuta sentensi inayotaja bei na 6 kwa 6, na ikiipata inaiweka hiyo. Kwetu ilikuwa inaweka sentensi ya masharti ya malipo ya awali, ambayo ukiisoma peke yake inatisha kidogo. Dawa yake haikuwa ndani ya Yoast. Niliandika upya aya ya kwanza ya ukurasa, nikataja saizi, mbao, na bei inaanzia wapi, sentensi fupi inayosimama yenyewe hata ikiokotwa peke yake. Halafu yale masharti ya malipo nikayafunga kwa alama ya HTML inayoitwa data-nosnippet, inayoiambia Google: kipande hiki kisome lakini usikionyeshe kwenye matokeo. Alama hii Google waliitangaza Septemba 2019, pamoja na nyingine ya max-snippet inayopanga urefu wa maelezo. Zilikuja kipindi kile Ufaransa inapitisha sheria ya kulinda habari za magazeti zisichotwe na injini za utafutaji. Muuza vitanda wa Keko ananufaika na ugomvi wa wachapishaji wa Paris, dunia ina mambo.

Yoast ya bure haina kitufe cha data-nosnippet, unaiandika kwa mkono ndani ya bloku ya HTML. Hiyo max-snippet inaiweka yenyewe kimyakimya, kwa thamani ya kutoweka kikomo. Sehemu ya ndani kabisa ya kisanduku ina chaguo la kuzuia maelezo yote yasionyeshwe. Usiliguse bila sababu nzito; tokeo lenye kichwa kitupu bila maneno chini yake watu wanaliruka. Kuna pia chaguo la kuzuia Google isionyeshe nakala yake ya ukurasa iliyohifadhiwa. Hilo limepitwa na wakati, maana Google wenyewe waliviondoa viungo vya nakala hizo mwaka 2024.

Wakongwe wa kazi hii watakumbuka kwamba zamani ilikuwa mbaya kuliko hivi. Kulikuwa na orodha kubwa ya tovuti iliyoitwa DMOZ, inahaririwa na watu wa kujitolea, na injini za utafutaji zilikuwa zinachukua maelezo ya tovuti yako kutoka huko, yaliyoandikwa na mtu asiyekujua. Mwaka 2006 ndipo ikaja alama ya noodp ya kukataa, na Yoast ilikuwa na kisanduku chake cha kuiwekea tiki. DMOZ ilifungwa Machi 2017, kisanduku nacho kikaenda. Ukisoma maelekezo ya zamani mtandaoni ukakutana na noodp, ruka. Hivyohivyo na "meta keywords", ile orodha ya maneno inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa: Google walisema tangu Septemba 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo, na Yoast waliiondoa sehemu hiyo. Bado kuna mafundi hapa mjini wanawatoza watu hela ya kuweka keywords. Usilipe.

Taa, sasa. Yoast inaupa kila ukurasa alama mbili, moja ya SEO na moja ya usomekaji, kwa rangi nyekundu, chungwa na kijani. Kaka aliona ya kijani siku moja akaniuliza, "Dada, hiyo ndiyo inaleta wateja?" Nikamwambia hapana kaka, hiyo inapima kama nimefuata orodha yao ya mambo ya kufanya, Google haiioni kabisa. Na orodha yenyewe imetungwa kwa lugha nyingine. Kuna lugha kama ishirini hivi ambazo Yoast inazichambua kwa kina, Kiingereza, Kiarabu, hata Kiindonesia. Kiswahili hakimo.

Matokeo yake ni haya. Unaiambia Yoast neno lako kuu, yaani maneno unayotaka mtu akiyatafuta akupate: "vitanda vya mninga". Ndani ya ukurasa unaandika vizuri kabisa, "kila kitanda cha mninga tunakipiga msasa mara mbili". Yoast inatafuta vitanda, inatafuta vya, inatafuta mninga. Kati ya hayo matatu imepata moja. Haijui kwamba kitanda na vitanda ni kitu kimoja, wala kwamba cha na vya ni kiungo kilekile kilichofuata umoja na wingi. Inakwambia neno lako kuu limetumika mara chache, liongeze. Ukiitii, unaishia na ukurasa ambao kila sentensi ina "vitanda vya mninga", unasomeka kama kasuku. Nimezisoma tovuti za hivyo, na ukizisoma unajua kabisa mwandishi alikuwa anafukuzia taa ya kijani.

Usomekaji ndiyo kichekesho zaidi. Yoast inaangalia lugha iliyowekwa kwenye WordPress, na tovuti nyingi za kwetu zimeachwa kwenye Kiingereza cha Marekani hata kama kila kilichoandikwa ni Kiswahili. Basi inakikagua Kiswahili kama Kiingereza. Inatafuta viunganishi vyake vya Kiingereza, inakuta sifuri, inawasha nyekundu. Umeandika "hata hivyo", "kwa hiyo", "ingawa", vyote hivyo havihesabiwi. Halafu kuna sheria kwamba sentensi zenye maneno zaidi ya 20 zisizidi robo. Maneno 20 ya Kiswahili, lugha ambayo "hatutawaletea" ni neno moja, ni sentensi ndefu kuliko wanavyofikiri. Uchambuzi wa usomekaji unazimika kwenye mipangilio. Uzime. Ule wa SEO nimeuacha kwa sababu unanikumbusha picha isiyo na maelezo na ukurasa usio na kiungo cha ndani, vitu ambavyo havina lugha.

Kuna faida moja ambayo haitangazwi sana na kwa biashara za kwetu naiona kubwa kuliko hata Google: WhatsApp. Ukituma kiungo cha ukurasa kwa mteja, kile kijikadi kinachojitokeza chenye picha, kichwa na mstari wa maelezo kinasomwa kutoka alama za Open Graph, na Yoast inaziandika yenyewe. Unaweza pia kuweka kichwa na picha tofauti kwa ajili ya mitandao. Kabla ya hapo kiungo chetu kilikuwa kinakwenda kitupu, anwani ndefu yenye namba, mtu anaogopa kubofya akidhani ni utapeli. Na hapa, tofauti na Google, maneno uliyoandika ndiyo yanayoonekana. Angalizo ni kwamba picha iwe nyepesi; nzito sana huwa haitokei.

Toleo la kulipia: nilipoangalia mara ya mwisho lilikuwa dola 99 kwa mwaka kwa tovuti moja kabla ya kodi, kama laki mbili na nusu hivi. Unapata kuelekeza anwani za zamani kwenda mpya, maneno makuu zaidi ya moja, mfano wa mwonekano wa mitandao, na akili bandia ya kukutungia vichwa. Kuelekeza anwani kunafanywa na plagini ya bure iitwayo Redirection. Vichwa vya vitanda natunga mwenyewe, mimi ndiye ninayejua kama godoro limo. Utambuzi wa maumbo ya neno, ambao ndio ungenishawishi nilipe, haufanyi kazi kwa Kiswahili. Siku watakapoufundisha kitanda na vitanda nitarudi tuongee.

Kero ya toleo la bure ni kushawishiwa kununua. Kila kona kuna kufuli na kitufe cha kukupeleka dukani kwao. Novemba 2019 walizidisha, wakaweka bango kubwa linalochezacheza ndani ya dashibodi za watu. Watumiaji wakaja juu, wakaomba radhi wakaliondoa. Asiyevumilia hayo ajaribu The SEO Framework, imetulia na haina makelele. Rank Math nayo inatoa vitu vingi zaidi bure, ila kwa anayeanza mipangilio yake ni msitu. Chochote utakachochagua, weka kimoja. Plagini mbili za SEO kwenye tovuti moja zinaandika maelezo mara mbili na unaiachia Google ichague.

Mkishamaliza kuandika, fungueni Google Search Console, ni bure. Pale pa kukagua anwani unabandika ukurasa wako na kuomba usomwe upya. Usitegemee kesho yake. Inaweza kuwa siku chache au wiki. Kwenye ripoti ya utendaji utaona watu waliandika maneno gani, ukurasa ulionekana mara ngapi na ulibofywa mara ngapi. Ukurasa unaoonekana sana na haubofywi ndio wa kuandikia kichwa upya kwanza. Kwetu ulikuwa wa makabati ya nguo, kichwa chake kilikuwa neno moja tu, "Makabati".

Jirani yetu wa hapo Keko anayeuza makochi Instagram aliniuliza kama nayeye aiweke. Hana pa kuiweka. Yoast inakaa kwenye WordPress, iliyo kwenye seva unayolipia mwenyewe, au WordPress.com kwa mpango wa kulipia unaoruhusu plagini.